Sekunde Nane za Tyler

Mwezi Aprili 1986, katika kituo cha tiba ya saratani mjini Tyler, jimbo la Texas, watu wawili walikaa mbele ya mashine isiyo na mgonjwa wakijaribu kuifanya ikosee. Mmoja alikuwa Fritz Hager, mwanafizikia wa kituo. Mwenzake alikuwa mwanamke ambaye kuiendesha mashine ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Mama yule anaandika maagizo ya tiba kwenye kibodi, anapanda juu kwa kitufe cha mshale, anasahihisha herufi moja, anashuka hadi chini ya skrini, anaamuru mwale utoke. Mashine inatii bila neno. Wanaanza tena. Hager anamuuliza alibonyeza nini hasa siku ile, kisha nini, kisha nini, naye anakumbuka yote. Alikuwa na sababu ya kukumbuka: wagonjwa wawili walikuwa wameumia vibaya, yeye akiwa kwenye kibodi, na kati ya wa kwanza na wa pili zilipita wiki tatu tu.

Wahandisi wa kampuni iliyoitengeneza mashine walikuwa wameshakuja baada ya ajali ya kwanza. Walipima, wakajaribu kulifanya kosa lile litokee tena, likakataa kutokea. Wakasema labda ni umeme. Wahandisi wengine, wasio wa kampuni, wakakagua umeme na kuukuta salama. Tarehe 7 Aprili mashine ikarudi kazini. Tarehe 11 ikamuunguza mtu wa pili.

Mimi naandika programu kwa riziki yangu, na kisa hiki nimekirudia mara nyingi kuliko kingine chochote cha kazi hii. Makosa mengi ya programu unaweza kuyanyooshea kidole: mstari huu hapa, umekosewa, urekebishwe. Hili la Tyler halikukaa kwenye mstari. Lilikaa katikati ya kazi mbili zilizokuwa zinatumia kumbukumbu moja, na kila kazi ukiisoma peke yake unaiona inafanya inachopaswa.

Mashine yenyewe iliitwa Therac-25. Ilitengenezwa na AECL, shirika la nishati ya atomiki la serikali ya Kanada, na ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1982. Zilifungwa 11 tu: 5 Marekani na 6 Kanada. Ilikuwa na uwezo wa kutibu kwa namna mbili. Kwa uvimbe ulio karibu na ngozi ilirusha elektroni zenyewe, mwale dhaifu uliotawanywa kwa sumaku ili ufunike eneo lote la kutibiwa. Kwa uvimbe ulio ndani zaidi ilitumia eksirei, na hapo mwale wa elektroni uliongezwa nguvu kama mara 100, ukaelekezwa kwenye kipande cha chuma ambacho ndicho kilichozaa eksirei, halafu kichujio kikausawazisha kabla haujamfikia mgonjwa. Vifaa vya namna zote mbili vilifungwa kwenye sahani moja inayozunguka. Sahani ikikaa mahali pa eksirei, chuma kinakuwa njiani. Ikikaa mahali pa elektroni, njia ni nyeupe.

Hatari yake basi haihitaji maelezo marefu. Nguvu ya eksirei ikitoka huku sahani iko upande wa elektroni, hakuna cha kuizuia.

Mashine zilizoitangulia, Therac-6 na Therac-20, ambazo AECL ilizitengeneza pamoja na kampuni ya Kifaransa ya CGR, zilikuwa na vizuizi vya vyuma na saketi vilivyojitegemea: vifaa visipokaa sawasawa, mwale hautoki, kompyuta iseme nini isiseme nini. Katika Therac-25 vizuizi vingi vya aina hiyo viliondolewa, na ulinzi ukaachiwa programu. Programu hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Aliiandika kwa lugha ya asembli ya kompyuta ya PDP-11, akiendeleza ile iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya Therac-6, na baadhi ya vipande vikatoka Therac-20. Mwaka 1983 AECL ilifanya uchambuzi wa usalama, na uwezekano wa kompyuta kuchagua nishati isiyo sahihi ukakadiriwa kuwa moja katika bilioni 100. Makosa ya ndani ya programu yenyewe hayakuhesabiwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika programu, niende dukani kidogo. Ndugu wawili wanauza katika duka moja la mtaani na wana daftari moja la madeni. Mama Asha anadaiwa 12,000. Jioni kuna msongamano. Kaka anachungulia daftari, anaona 12,000, anageuka kumpimia mtoto wa Mama Asha mchele wa 3,000. Akiwa bado kwenye mizani, mdogo wake naye anachungulia, anaona 12,000 ile ile, anatoa mafuta ya 2,000 kwa mtoto mwingine wa mama huyo huyo. Kaka anarudi, anaandika 15,000. Mdogo anakuja nyuma yake, anafuta, anaandika 14,000. Shilingi 3,000 zimepotea, na hakuna aliyeiba wala aliyekosea hesabu. Waulize mmoja mmoja, kila mtu atakuonyesha kuwa alisoma vizuri na kujumlisha vizuri. Kesho yake ukiwaweka tena kaunta uwaangalie, daftari litakuwa safi, kwa sababu msongamano haupo.

Daftari hilo ndilo kigeu cha pamoja: sanduku lenye jina ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, linalosomwa na kuandikwa na kazi zaidi ya moja. Kati ya kusoma na kuandika pana mwanya. Mwanya huo unaweza kuwa mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini kompyuta inayogawa muda wake kati ya kazi kadhaa huweza kuiacha kazi moja mahali popote, hata hapo katikati, ikaishika nyingine.

Aliyeuogopa mwanya huo mapema alikuwa Mholanzi, Edsger Dijkstra. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akiandika programu huko Amsterdam, na wenzake waliokuwa wanatengeneza kompyuta ya X1 walimletea pendekezo: mashine iruhusiwe kuikatiza programu katikati, ihudumie kifaa cha nje, kisha irudi ilikoachia. Lilikuwa pendekezo zuri kwa kasi ya mashine. Dijkstra alishtuka, na alisitasita kabla ya kulikubali. Aliona kwamba kuanzia siku hiyo programu ile ile, ikipewa data ile ile, ingeweza kutoa jibu tofauti kulingana na sekunde iliyokatizwa, na kwamba kosa likitokea huenda lisirudi tena mtu akilitafuta. Nikisoma habari za wahandisi wa AECL walioondoka Tyler mikono mitupu, huwa namkumbuka yeye.

Hakubaki na woga tu. Mwaka 1965 alichapisha ufumbuzi wa namna kazi nyingi zinavyoweza kukubaliana kuingia moja moja katika sehemu nyeti ya programu; mwanahisabati T. J. Dekker alikuwa ameshampatia ule wa kazi mbili. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 akiwa Eindhoven akabuni semafo, jina lililotoka kwenye nguzo za ishara za reli. Treni haiingii kwenye kipande cha njia moja mpaka ishara iruhusu, na ikishaingia, ishara inafunga nyuma yake. Semafo ina amri mbili tu, ambazo aliziita P na V kutokana na maneno ya Kiholanzi. P ni kuomba kuingia: kama kuna mwenzako ndani, subiri. V ni kutoka na kumpisha anayengoja. La msingi ni kwamba kuangalia kama njia iko wazi na kuishika ni tendo moja lisilokatika. Kaka akichukua daftari, analishika mpaka amalize kuandika, na mdogo wake anangoja.

Haya yote yalikuwa yamechapishwa na kufundishwa vyuoni miaka 20 kabla ya ajali za Tyler. Katika programu ya Therac-25 hayakuwemo. Kazi zake zilipeana habari kupitia vigeu vilivyoachwa wazi, na kukiangalia kigeu na kukibadilisha yalikuwa matendo mawili.

Kibodi ya Therac-25 nayo ilikuwa na P yake, na ilikuwa na maana ya kuendelea. Mashine iliposimama kwa tatizo ililoliona dogo, mhudumu alibonyeza P na tiba ikaendelea pale pale. Mashine ile ilisimama mara nyingi, ikiandika neno la hitilafu na namba, bila maelezo. Wahudumu waliizoea kama dereva anavyozoea gari bovu analolijua. Mjini Hamilton, Kanada, Julai 1985, ilisimama ikimwambia mhudumu kwamba mgonjwa hajapata mionzi yoyote. Mhudumu akabonyeza P mara nne, na kila mara ikasimama tena ikisema hivyo hivyo. Mgonjwa alikuwa amepata mionzi. Kabla ya hapo, mwezi Juni mjini Marietta, Georgia, mwanamke mmoja alilalamika kuwa ameunguzwa, akaambiwa haiwezekani.

Sasa turudi Tyler, Machi 21, 1986. Mgonjwa ni mwanamume aliyefika kwa tiba yake ya tisa. Uvimbe ulikuwa umeshatolewa mgongoni, na alipaswa kupata mionzi ya elektroni ya rad 180. Alilala kifudifudi katika chumba chenye kuta nene, na mhudumu akafunga mlango akaenda kwenye kibodi. Kwa kawaida chumba kile kilionekana kwa kamera na kusikika kwa spika. Siku hiyo skrini ya kamera ilikuwa haijachomekwa na spika ilikuwa mbovu.

Mhudumu alikuwa mzoefu na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alijaza ukurasa, akagundua ameandika x ya eksirei badala ya e ya elektroni, kosa la kawaida kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wa eksirei. Akapanda kwa mshale, akabadilisha herufi, na kwa kuwa mengine yote yalikuwa sawa akabonyeza kitufe cha kuthibitisha haraka haraka mpaka chini. Skrini ikaonyesha kila kitu kimehakikiwa. Akabonyeza B, mwale utoke. Mashine ikasimama: Hitilafu 54. Karatasi iliyobandikwa pembeni ilisema tu kwamba ni kosa la kipimo namba 2. Skrini ilionyesha mgonjwa amepata vipimo 6 kati ya 202 alivyoandikiwa. Kidogo mno. Akabonyeza P.

Ndani, mgonjwa alihisi kama amemwagiwa kahawa ya moto mgongoni, na kama amepigwa na umeme. Alikuwa ametibiwa mara nane na alijua kwamba tiba haiumi. Akaanza kuinuka kutafuta msaada, na hapo ndipo P ilipofika: pigo la pili likamshika mkononi, akahisi kama mkono unamtoka. Akaenda mlangoni akaugonga kwa nguvu. Baadaye ilikadiriwa kwamba badala ya rad 180 alipata kati ya 16,500 na 25,000, katika eneo la sentimita moja hivi, kwa chini ya sekunde moja. Alifariki miezi mitano baadaye. Skrini ilisoma 6 kwa sababu vifaa vya kupima mionzi vilizidiwa na wingi wake vikashindwa kuhesabu.

Wiki tatu baada ya ajali ile spika ilikuwa imetengenezwa. Mhudumu yule yule, mgonjwa mwingine mwenye saratani ya ngozi ya uso, x ile ile ikabadilishwa kuwa e kwa haraka ile ile. Mara hii alisikia mlio mkubwa kisha sauti ya mtu akigumia. Skrini: Hitilafu 54. Mgonjwa alifariki tarehe 1 Mei.

Hager aliisimamisha mashine hapo hapo, na ndipo zikaanza zile saa za kuandika na kufuta nilizoanza nazo. Namheshimu mtu huyu kwa jambo moja: hakumwambia mhudumu kwamba amechanganyikiwa. Alimwamini, akamwambia rudia. Wakarudia mpaka wakagundua kwamba vitufe peke yake havitoshi, siri iko kwenye mwendo. Ukiandika polepole kama mtu anayejaribu mashine kwa uangalifu, hupati kitu. Ukiandika kama mtu aliyefanya kazi hiyo mara mamia, Hitilafu 54 inatokea. Mwisho walikuwa wanaiita na inakuja. Hager akapiga simu Kanada. Mhandisi wa AECL alijaribu akashindwa, mpaka alipoambiwa afanye haraka. Walipopima katikati ya mwale walipata rad 25,000.

Hiki ndicho kilichokuwa kikitokea ndani. Kazi moja ya programu ilisikiliza kibodi. Alama ya skrini ilipofika chini ya ukurasa, kazi hiyo iliinua bendera, yaani kigeu kinachosema kwamba maagizo yamekamilika. Kazi nyingine, ile ya kuandaa tiba, ilikuwa ikiiangalia bendera hiyo. Ikiiona, inasoma namna ya tiba na nishati, inaanza kuzipanga sumaku za kupinda mwale. Kupanga sumaku zote huchukua kama sekunde 8. Mwandishi wa programu alifikiri kwamba mhudumu anaweza kubadili mawazo katika muda huo, akaweka ukaguzi. Lakini ukaguzi ulitegemea bendera nyingine, na bendera hiyo ilishushwa mara tu sumaku ya kwanza ilipokwisha. Sumaku zilizofuata zilipangwa bila mtu wa kuchungulia mlango.

Bendera ya kwanza nayo ilisema nusu ya ukweli. Ilisema alama imewahi kufika chini. Haikusema kama bado iko hapo. Mhudumu akipanda, akibadilisha x kuwa e na kurudi chini ndani ya sekunde 8, kazi ya kuandaa tiba haikujua kwamba aliondoka. Skrini ilionyesha e. Sahani, ambayo ilisomewa baiti nyingine ya kigeu kile kile kwa wakati tofauti, ilikwenda upande wa elektroni. Nguvu ya mwale ilibaki ya x. Kigeu kimoja, wasomaji wawili, na kila mmoja aliona nusu yake ya ukweli kwa saa yake. Mtu mpya kazini, anayetafuta herufi kwa kidole kimoja, asingeweza kuua mtu kwa njia hii, kwa kuwa sekunde 8 zingempita bado anaitafuta e. Ilihitaji mtu anayeijua kazi.

Tarehe 15 Aprili AECL iliwaandikia wenye mashine waondoe kifuniko cha kitufe cha mshale wa juu na kukizuia kwa mkanda wa umeme kisifanye kazi tena. Ndiyo ilikuwa tiba ya kwanza. Tarehe 2 Mei FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatangaza kuwa Therac-25 ina kasoro, ikaiona barua ile kuwa haitoshi na kudai mpango kamili wa marekebisho. Majadiliano yalikuwa bado yanaendelea Januari 1987, mashine ilipomzidishia mionzi mgonjwa mwingine mjini Yakima, jimbo la Washington, naye akafariki Aprili. Kosa la Yakima lilikuwa la kigeu kingine cha pamoja. Kilitumika kama bendera ya kuagiza sahani ikaguliwe: kikiwa sifuri, hakuna ukaguzi, kikiwa namba nyingine yoyote, kagua. Programu ilikiinua kwa kukiongezea moja kila ilipopita hapo. Kigeu kilikuwa cha baiti moja, na baiti moja ikishafika 255 ukiiongeza inarudi sifuri. Mhudumu alibonyeza kitufe katika mpito ule ule wa 256. Marekebisho yalikuwa kuandika namba maalumu badala ya kuongeza moja.

Mwezi Februari FDA na wenzao wa Kanada walitaka mashine hizo zisitumike kwa tiba za kawaida mpaka zirekebishwe. Marekebisho yaliyokubaliwa mwaka huo yalirudisha vizuizi vya saketi visivyoitegemea programu. Aliyeandika programu alikuwa ameondoka AECL mwaka 1986, na katika kesi mojawapo iliyofuata mawakili walishindwa kupata habari zake kutoka kwa kampuni. Mwaka 1993 Nancy Leveson na Clark Turner walichapisha uchunguzi wao mrefu, na ndio unaosomwa vyuoni mpaka leo.

Kuna tukio moja la 1986 nililoliacha makusudi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago kulikuwa na Therac-20, ile ya zamani yenye vizuizi vyake vya saketi, ambayo wanafunzi waliitumia kujifunza. Frank Borger, mwanafizikia wa huko, alikuwa ameona jambo lisiloeleweka: kila kundi jipya la wanafunzi lilipoanza, fyuzi ziliungua na swichi zikajikata kuliko kawaida. Wakishaizoea mashine, zinatulia. Likija kundi lingine, zinaanza upya. Wanafunzi huandika ovyo, wanakosea, wanapanda juu kusahihisha, wanashuka. Habari za Tyler zilipomfikia, Borger alikwenda kwenye Therac-20 yake akajaribu vitufe vile vile kwa mwendo ule ule. Kosa lilikuwemo. Lilikuwemo muda wote, kwa sababu programu hizo mbili zilikuwa na mengi ya pamoja. Kila mara nguvu ya eksirei ilipotaka kutoka na sahani haiko mahali pake, saketi iliukata mwale na fyuzi ikaungua. Fyuzi ilibadilishwa, na darasa likaendelea.